Asili na Halisi: Mnunuzi wa Gari la Kale Anunua Nini?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yatukumbusha jasho la fundi lililofichika ndani ya chombo kinachotupendeza. Lakini liko jambo ambalo methali haikuligusa. Jahazi likiisha kuundwa, likachakaa, likabadilishwa mbao moja leo na taruma moja mwakani, hata ikawa hapana kipande kilichobaki cha siku ya kwanza, je, ni jahazi lile lile? Wanafalsafa wa Kiyunani walibishana juu ya swali hili kwa kuitazama meli ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athene waliitunza kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya. Wengine walisema ni ile ile, wengine wakakana.

Yaweza kudhaniwa kwamba mabishano ya namna hii ni mchezo wa watu wasio na kazi. Hata hivyo, mwaka 1990 swali hilo hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza, na jibu lake lilikuwa na thamani ya pauni milioni 10. Kitu kilichogombaniwa kilikuwa gari la mashindano la Bentley, aina ya Speed Six, lijulikanalo kwa jina la Old Number One. Gari hilo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Baadaye mafundi waliendelea kulibadilisha ili lizidi kwenda mbio. Mwaka 1932, katika uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee alikufa akiliendesha. Likajengwa upya, likavishwa bodi nyingine. Miaka ilipopita, sehemu zilizokuwamo siku za ushindi zikawa chache mno. Basi mnunuzi aliyekwisha kupatana bei akakataa kulichukua, akidai kwamba silo gari aliloahidiwa.

Jaji Otton alimpa haki muuzaji. Hakusema kwamba gari lile lilikuwa la asili kwa maana ya kubaki na vipande vyake vya kwanza, kwani ushahidi haukumruhusu kusema hivyo. Alisema kwamba lilikuwa halisi. Mabadiliko yake yalifuatana hatua kwa hatua, historia yake haikukatika mahali popote, na hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina lile. Sisi tunaofundisha lugha tungefaa kuyatazama kwa makini maneno haya mawili, maana mara nyingi twayatumia kana kwamba ni mamoja. Asili yahusu mwanzo wa kitu. Uhalisi wahusu ukweli wa kitu jinsi kilivyo leo na jinsi kilivyofika hapa.

Na tutazame mfano wa pili, ambao ni kinyume cha ule wa kwanza. Kwa ajili ya mwaka 1973 kiwanda cha Porsche cha Ujerumani kiliunda gari liitwalo 911 Carrera RS. Sheria za mashindano zilitaka yaundwe magari 500. Watu wakalipenda, hata yakaundwa yapatayo 1,580. Katika hayo, kiasi cha 200 tu yalikuwa ya namna nyepesi, yaliyopunguziwa starehe, hata viti vya nyuma vikaondolewa. Uchache huo umeyapandisha bei. Basi hutokea mtu akachukua gari la kawaida la kiwanda hicho hicho, akalitia injini inayolingana, akalifunga kile kimkia kinachofanana na mkia wa bata, akalipaka rangi ifaayo. Kila sehemu yaweza kuwa imetoka kiwandani, na fundi aliyeiunganisha akawa hodari. Gari hilo laweza hata kwenda vizuri kama lile jingine. Akilitangaza kuwa ni nakala, hapana aliyedhulumiwa. Akiligonga namba mpya ya chasisi na kuliuza kwa jina lisilo lake, amekuwa mwizi, ijapokuwa hakuiba hata parafujo moja.

Kwa hiyo twaona kwamba gari la kwanza lilipoteza karibu kila kipande, nalo likabaki halisi. La pili laweza kuwa na kila kipande, nalo likawa la uongo. Tofauti haimo katika chuma. Imo katika habari inayofuatana na chuma hicho. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hatosheki na mng'ao wa rangi. Huinama akasoma namba ya chasisi na ya injini, akazilinganisha na kumbukumbu za kiwanda. Huuliza nani alilimiliki, na katika miaka gani. Hutaka picha za zamani na risiti za mafundi. Kwa kweli, anachonunua ni ushuhuda.

Atasema mtu kwamba hayo ni mashaka ya matajiri, na kwamba kwetu sisi gari ni la kutufikisha safari. Twakubali kwamba fedha zile zingeweza kufanya mengi yaliyo bora. Lakini haki ya mauziano haipimwi kwa ukubwa wa mali. Anunuaye baiskeli iliyokwisha kutumika naye ana swali lile lile: je, uma huu uliwahi kuvunjika ukachomelewa, kisha ukapakwa rangi? Neno letu aibu latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kasoro, na katika sheria ya Kiislamu ya biashara, aliyefichwa kasoro ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha. Kasoro ni ya kitu. Lakini ikifichwa, aibu humrudia mwenye kuificha.

Mnunuzi naye hana budi kujichunguza. Mara nyingi ni yeye amtiaye muuzaji katika uongo, kwa kutaka kuambiwa kwamba kila kitu ni cha siku ya kwanza. Gari lililokimbia miaka mingi bila kubadilishwa chochote ni gari lisilokimbia. Anayedai yote mawili, ushindi wa Le Mans na vipande visivyoguswa, adai jambo ambalo mashindano yenyewe hayaruhusu. Na akiuziwa mbuzi katika gunia, baadhi ya kamba za gunia hilo alizifunga mwenyewe.

Basi muuzaji na aseme, "Injini hii ilibadilishwa mwaka fulani, na sababu yake ni hii." Huenda bei ikashuka. Lakini mnunuzi ataondoka na kitu anachokijua, na siku atakapokiuza naye ataweza kuyarudia maneno hayo hayo bila kuinamisha macho.