MATEKA ALIYEFANYWA MTEKAJI: TUMHUKUMU VIPI?



Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa kambini aliomba kuingia kwaya. Alitekwa na LRA kule Kongo akiwa mtoto, akabebeshwa mizigo, baadaye akapewa bunduki. Mama mmoja wa kwaya, ambaye wazazi wake waliuawa na LRA, alisema: "Akiingia yeye, mimi natoka." Baraza la wazee halijajibu. Kabla hatujajibu, tutazame kwanza nchi hii tunayoishi, kwa maana swali hili si geni hapa.

Tukisikia habari za utumwa, tunafikiri merikebu za kwenda Marekani. Ni kweli, watu zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu zile. Lakini pande hizi za West Nile na Sudan ya Kusini njia ilikuwa Mto Nile, na watu walipelekwa kaskazini. Mwaka 1820 mtawala wa Misri alituma jeshi Sudan, na shabaha yake moja ilikuwa kupata watumwa wa kuwafanya askari. Baadaye wafanyabiashara wa Khartoum walipanda mto kutafuta pembe za ndovu. Walijenga maboma ya miiba, wakashambulia vijiji, wakachukua ng'ombe na watu. Mara nyingi askari wao walilipwa kwa mateka badala ya fedha.

Na askari hao walikuwa nani? Wengi walikuwa wavulana waliotekwa. Walifundishwa bunduki, kisha wakatumwa kuteka vijiji vingine. Tena tusiseme ni wageni peke yao: palikuwa na vijiji vilivyoungana nao ili kumpiga jirani na kupata ng'ombe zake.

Serikali ya Misri ilipoweka ngome zake, kama ile ya Dufile upande wa Moyo, ambayo mahandaki yake yanaonekana hata leo, ilitumia askari wa namna hiyo hiyo. Emin Pasha alipoondoka mwaka 1889, wengi wao waliachwa nyuma. Ndugu zetu Wanubi wa Arua na Koboko, ambao tunanunua na kuuza nao sokoni, wengi ni wa uzao wa askari hao. Je, tuwaite wana wa watekaji au wana wa waliotekwa? Majina yote mawili ni kweli.

Sasa tuone ujanja wa mteka watu. Hamfungi mtoto kwa kamba tu, kamba hukatika. Anamchafua mikono, ili hata akipata nafasi ya kutoroka, aogope kurudi kwao. Ndivyo walivyofanyiwa wanafunzi waliochukuliwa Duru Septemba 2008, na watoto wa Faradje siku ya Krismasi mwaka ule ule. Basi sisi tukimfungia mlango aliyerudi, tunamalizia kazi ya yule aliyemteka.

Lakini je, tuseme hana kosa lolote? Hapana. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikutana na swali hili katika kesi ya Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo akawa kamanda wa LRA. Mwaka 2021 alihukumiwa miaka 25. Majaji hawakumpa kifungo cha maisha, kwa sababu walikumbuka jinsi alivyotekwa. Wala hawakumwachilia, kwa sababu alitenda mengi akiwa mtu mzima. Torati nayo, katika Kutoka 21:16, inamhukumu mwizi wa watu kwa ukali kabisa. Aliyeanzisha wizi si sawa na aliyeibwa.

Na yule mama je? Tusimlaumu. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha. Walipokuja Misri hakuwakumbatia siku ya kwanza. Aliwapima, akajitenga akalia, akasikia Yuda akisema kweli. Ndipo akajitambulisha. Anayedai msamaha wa haraka kwa aliyefiwa anamwongezea jeraha.

Kwa hiyo, ndugu, ushauri wetu ni huu. Kijana asipewe jina la mwuaji kisimani wala kanisani. Aketi na wazee, aseme kweli yote aliyotenda, wala asiisemee mbele ya watu wote. Mama asikilizwe pia, kwa muda atakaouhitaji yeye, na asilazimishwe kusimama karibu naye. Kwaya inaweza kungoja. Lakini ibadani kijana awe na mahali pa kukaa tangu Jumapili hii.

Mnyororo ule wa Mto Nile ulipita mkono kwa mkono, na kila mkono ulisema, "Nami nilifanyiwa hivyo." Sisi tulioponea vita tusiupitishe tena.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu