Maradhi Yatangazwe, Jina Lisitiriwe
Surua ikiingia katika darasa la watoto wadogo, mwalimu huwa mdaiwa wa pande mbili: mtoto mgonjwa na wenzake. Kaptembwo, mjini Nakuru, jamaa nyingi hukaa ua mmoja. Jina likitajwa asubuhi huzunguka mtaa kabla ya jua kutua, na mama wa mgonjwa hutazamwa kama mkosaji.

Je, huruma yatuamuru kunyamaza? Hasha. Surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea. Chanjo, ambayo nchini Kenya hutolewa katika umri wa miezi 9 na miezi 18, yaweza kumkinga hata aliyekwisha kukutana na mgonjwa, ikiwa atachanjwa kabla ya saa 72 kupita. Basi kimya cha mwalimu humnyang'anya mtoto mwingine saa hizo.

Wazazi wana haki ya kuijua hatari. Hawana haki ya kupewa mtu wa kulaumu. Pengine watabahatisha wenyewe waonapo nafasi iliyo wazi darasani. Hilo halimpi mwalimu ruhusa ya kuthibitisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini mtoto hakuyaficha, wala hakuyachagua.