Marupurupu ya Wamiliki wa Zamu: Haki au Hisani?

Katika umiliki wa zamu, mtu hulipa fedha nyingi kwa mkupuo, kisha ada ya matunzo kila mwaka, ili atumie nyumba ya likizo kwa wiki au pointi zake. Juu ya hapo kampuni humwekea marupurupu, kama vile punguzo la chakula na la tiketi. Yakiondolewa, je, amenyang'anywa chake, au amekosa tu hisani aliyoizoea?

Disney Vacation Club, mpango wa umiliki wa zamu wa kampuni ya Disney ulioanza Florida mwaka 1991, unalionyesha jambo hili vizuri. Pointi zimo ndani ya hati ya umiliki. Marupurupu yako nje yake, na kampuni hutamka kwamba yaweza kufutwa wakati wowote. Tangu Aprili 2016, anayenunua pointi kwa mmiliki mwenzake badala ya kampuni hayapati, ingawa waliotangulia kununua hivyo waliachiwa. Kwa hiyo majirani wawili hulipa ada ileile kwa kila pointi, lakini mgahawani mmoja huonyesha kadi akapunguziwa, mwingine akalipa bei kamili. Kama punguzo lingekuwa tunda la umiliki, lingemfuata kila mwenye hati. Halimfuati.

Lakini haki haitoki kwenye hati peke yake. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, aliyapa uzito matarajio halali, yaani yale ambayo kanuni za taasisi zenyewe zimemfanya mtu ayategemee. Ugumu ni kwamba hapa kanuni hizohizo zinaruhusu kufuta.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inalichimba suala hili zaidi. Wanazuoni wengi wanaona kutimiza ahadi ya hisani ni wema unaohimizwa, ila kadhi hamlazimishi mtu. Katika madhehebu ya Maliki kuna kauli mashuhuri kwamba ahadi iliyomwingiza mwenzio katika gharama inakufunga. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilielekea huko: mwahidi atimize, au afidie hasara halisi iliyosababishwa na kuvunja ahadi bila udhuru.

Kipimo hicho ndicho cha haki. Muuzaji anayepiga hesabu mezani na kumwonyesha mteja jinsi punguzo litakavyorudisha sehemu ya fedha zake amelifanya punguzo kuwa sehemu ya bei. Kifungu cha maandishi madogo kinaweza kumwokoa mahakamani. Deni la kimaadili hakilifuti. Deni hilo nalo lina mpaka: ni fidia ya kilichopotea, si punguzo la milele. Aliyenunua kwa ajili ya chumba, kisha akaongezewa marupurupu baadaye, hadai kitu yakiondoka, hata akiwa ameyatumia miaka mingi. Aliyenunua kwa mmiliki mwenzake tangu Aprili 2016, akijua kwamba hatapata marupurupu, naye hana dai, kwa kuwa hakuahidiwa chochote.