Mmoja Akisikia Wito na Mwenzake Asisikie



Tuchukue mfano wa mume na mke wa hapa Voi. Walikaa miaka minne nchi ya mbali wakiwa wamisionari walei. Mume alifundisha dini na useremala, mke alihudumia akina mama katika zahanati. Muda wao ulipokwisha walirudi, wakajenga chini ya mlima wa Sagalla, wakalima mahindi na pojo. Sasa ni mwaka wa tatu. Usiku mmoja mume anasema, "Mama watoto, Mungu ananiita tena. Turudi kule." Mke ananyamaza kitambo, kisha anajibu, "Umeitwa wewe, baba. Mimi sijaitwa."

Je, hapo ni nani anayemtii Mungu?

Wengine watamhukumu mke kuwa amepungukiwa na imani. Wengine watasema mume anakimbia majembe na ndovu wa Tsavo wanaomla mahindi usiku. Tusiharakishe.

Injili ilipofika kwetu, ndoa za watu zililipa gharama kubwa. Mwaka 1844 mmisionari Krapf alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga huko Mombasa, miezi michache tu baada ya kufika. Mwenzake Rebmann, aliyefika Kasigau mwaka 1847, alimwoa Emma mwaka 1851, wakaishi pamoja Rabai hadi mama huyo alipofariki mwaka 1866. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 kwa sababu ya afya, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha misheni ya Ribe. Hao ni ndugu zetu Waprotestanti. Kwa upande wetu Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bura mwaka 1892.

Lakini angalieni tofauti. Padre akitumwa, hana mke wa kumwuliza wala mtoto wa kumtafutia shule. Ninyi mnao. Siku ile mbele ya altare mliahidiana ninyi kwa ninyi, na Mungu akaifunga ahadi hiyo. Huo ndio wito wenu wa kwanza, na kila wito unaokuja baadaye lazima upitie mlango huo. Mungu hawezi kumwita mume kwa namna inayomfanya amvunje mkewe.

Maandiko yanatupa mfano mzuri: Akila na Priskila, mafundi wa mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, wakaenda Korintho, wakamkaribisha Mtume Paulo nyumbani kwao. Wakahamia Efeso, wakamfundisha Apolo. Baadaye twawakuta tena Roma, na waumini wanakusanyika nyumbani mwao. Wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na hakuna hata mara moja anapotajwa mmoja peke yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwataja katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981 kama mfano wa ndoa ya kimisionari. Walikwenda wawili, wakarudi wawili.

Basi wewe baba, jichunguze. Kule ulikuwa mwalimu. Ukipita, watu walisimama kukusalimu. Hapa Voi u mtu kama wengine, unapanga foleni ya maji. Je, unachokitamani ni Kristo, au ni ile heshima? Na deni la ushirika je, umelimaliza? Wito wa kweli hauogopi maswali. Tamaa ndiyo inayokasirika ikiulizwa.

Nawe mama, jichunguze vilevile. Huenda neno lako "sijaitwa" limefunika jambo jingine. Labda mama yako mzazi ni mgonjwa kule Mgange na huna ndugu wa kumtunza. Labda unamkumbuka mtoto wako akiungua na homa kule ugenini, nawe peke yako usiku kucha, mumeo yuko safarini kwa kazi ya Bwana. Jambo hilo hukumwambia hadi leo. Mwambie. Asipolijua atadhani unabishana na Mungu, kumbe unalia.

Nanyi wote wawili fanyeni hivi. Kwanza, salini pamoja juu ya jambo hili kila jioni kwa muda wa miezi mitatu, bila mmoja kumhubiria mwenzake. Pili, wasikilizeni watoto. Aliye darasa la saba si mzigo wa kufungwa kamba na kupakiwa garini. Tatu, waoneni wazazi wa pande zote mbili mkiwa pamoja. Nne, mwendeeni paroko wenu, maana mmisionari hajitumi, hutumwa na Kanisa. Baada ya hayo, kama mmoja bado hana amani, ngojeni. Kungoja nako ni utii.

Na wakati wa kungoja msikae bure. Yuko jirani ambaye ndovu wamemaliza shamba lake. Yuko kijana wa kituo cha magari asiyejua hata Baba Yetu. Jumuiya yenu ndogondogo ina mgonjwa asiyetembelewa. Asiyeweza kuwa mmisionari Voi, ng'ambo atakuwa mgeni tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni jambo gani kuhusu maisha yetu ya zamani ambalo sijawahi kumwambia mwenzangu?
2. Mwenzangu akisema "ngoja", mimi husikia nini?
3. Nani hapa karibu anatungoja tayari?

Tusali: Ee Bwana, uliyetuunganisha, usituache tukufuate kwa kuachana. Ukitutuma, tutume pamoja. Ukituzuia, tuzuie pamoja. Amina.