Rafiki Asemaye "Turudi"

Huko Nzilo, karibu na Kolwezi, mto Lualaba hubanwa katikati ya miamba, na maji yaliyokuwa mapole hupata nguvu kuu. Nguvu hiyo ndiyo waliyoitafuta wajenzi wa bwawa la umeme katika miaka ya 1950. Lakini penye njia nyembamba maji huweza pia kuua.

Mwezi wa Aprili 2012, nchini Kenya, vijana wa kanisa moja walitembea pamoja katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Maji yakashuka ghafula, wakafa 7. Mwezi wa Septemba 2019 wakafa wengine 7 mahali papo hapo. Mvua inyeshapo vilimani, mbali, hufika korongoni hata kama mbingu ni nyeupe juu ya msafiri.

Bwana Yesu alikataza kuwadhania waliouawa na mnara wa Siloamu kuwa wakosefu kupita wengine. Hao nao wasidhaniwe hivyo. Fundisho ni la walio hai. Katika kila kundi yuko mmoja aonaye hatari, akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Mkristu na aseme, "Turudi." Naye asikiaye asimcheke, bali ageuke pamoja naye: hayo ndiyo mapendo.