Daraja la Kununua na Daraja la Kuunda

Je, kitu alichokiunda mtu kwa mikono yake kina thamani zaidi kuliko alichokinunua? Swali hili la kale lingali hai mezani kwa wajenzi wa reli za mfano.

Kwa kipimo cha 1:87, daraja halisi la mita 87 huwa la mita 1. Kampuni za Faller ya Ujerumani na Walthers ya Marekani huuza madaraja ya plastiki: mnunuzi huunga vipande kwa gundi, kazi ikaisha. Anayechagua mbao hukata kijiti kimoja kimoja. Njiani hugundua kwa nini nguzo za pembeni za madaraja ya mbao ya Marekani huinamishwa: miguu iliyotanuka chini hulizuia daraja lisiyumbe treni inapopita.

Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba muumbaji huipenda kazi yake kama mzazi ampendavyo mwanawe, kwa kuwa uhai wa muumbaji umo ndani ya kazi hiyo.

Kazi ikiangamia, je, thamani nayo hupotea? John Allen wa Monterey, California, alitumia miaka mingi kuijenga Gorre & Daphetid, reli ya mfano yenye madaraja marefu juu ya makorongo. Alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli hiyo. Lakini picha alizozipiga zingali zinawafundisha wajenzi.

Kununua si kosa. Wengi hawana muda. Ila anayetaka kulielewa daraja, na aunde walau moja mwenyewe.