Kifua Kilichonyamaza

Fundi mmoja wa fanicha wa Keko, Dar es Salaam, alikuwa na pumu tangu utotoni. Kliniki ilimpa pampu mbili: ya bluu, yenye salbutamol, ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia, yenye steroidi, ya kuvuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Ya bluu aliipenda. Dakika chache tu, karudi kwenye randa. Ya kahawia hakuiona kazi yake, na ilipoisha hakununua nyingine. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Mama watoto, kifua kimenyamaza."

Kilinyamaza kweli. Lakini kila vumbi la mbao lilipoingia, seli za utando wa mirija ya hewa ziliziita seli za kinga, nazo zikamwaga interlukini 13, inayoufanya utando uzidi kuzalisha ute. Ikatoka pia TGF-beta, protini ambayo mwili huitumia kuziba vidonda. Hii huziamsha seli zinazofuma kolajeni, ndiyo kovu lenyewe, na misuli inayoizunguka mirija nayo hunenepa. Kidonda cha mguuni kikifunga, amri hukoma. Kwenye pumu iliyoachwa bila steroidi amri hurudiwa, na mrija huwa kama bomba linalopigwa plasta kwa ndani.

Tena kosa si la vumbi peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwavutisha watu wenye pumu nyepesi methakolini, dawa inayobana mirija bila kuamsha mzio. Mara tatu tu, kolajeni ikaongezeka. Kubana kwenyewe kunajenga kovu! Waliotangulizwa salbutamol walinusurika. Fundi wetu, kama wengi, aliivuta akiwa ameshabanwa.

Miaka ikapita. Pampu ya bluu iliyokuwa ikidumu miezi ikawa haimalizi wiki mbili. Hospitalini alipuliza kwenye kipima pumzi, akapewa salbutamol, akapuliza tena: namba karibu ileile.

"Mzee wangu," daktari akamwambia, "misuli tunailegeza. Kovu halilegei."

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Fundi alipewa pampu yenye steroidi na formoteroli, dawa ya kufungua mirija, pamoja, na barakoa ya kazini. Sasa usiku analala, ingawa ngazi bado anazipumzikia katikati. Msasa anapiga kijana wake, ambaye alipoanza kukohoa usiku alipelekwa kliniki wiki hiyohiyo. Na hela ikiwa haba, pampu yenye steroidi ndiyo inayonunuliwa kwanza.